Kitabu cha kielektroniki hatukinunui, tunakiazima kwa bei ya kununua

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa mwaka wa 2009, kuhusu maji ya bomba hapa Mbale. Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kunyamaza. Lakini ile habari yenu ya ukurasa wa biashara wiki iliyopita, iliyosema kwamba vitabu vya kielektroniki vimekuja kumpunguzia msomaji wa Uganda mzigo kwa kuwa havina karatasi, havina lori, na maduka ya mtandaoni yanashindana, imenishinda kumeza. Nimeisoma mara tatu, ya pili kwa sauti mbele ya mume wangu. Mwandishi wenu hakutaja bei ya kitabu hata kimoja.

Bei mimi ninazo. Mwaka juzi, likizo ya muhula wa pili, nilihitaji kitabu cha isimu kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kidato cha tano. Duka moja la vitabu Kampala lilikuwa nacho kwa shilingi 52,000. Duka moja la mtandaoni, la ng'ambo, lilikuwa nacho kwa dola 12.99. Nikapiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi Kampala, nikaamua kukinunua kwenye simu. Benki ilipomaliza kubadilisha shilingi kuwa dola na kukata ada yake, nilikuwa nimelipa shilingi 51,000 na ushei. Nafuu niliyopata kwenye bei yenyewe haikutosha hata bodaboda ya kunitoa mjini hadi nyumbani Namakwekwe.

Ningeyasahau hayo kama kitabu kingebaki changu. Miezi saba baadaye nilichomolewa simu ndani ya teksi. Nikanunua nyingine, nikaingiza nywila yangu, nikafungua maktaba yangu. Vitabu vitatu vilikuwapo, cha nne, kile cha isimu, hakipo. Nikawaandikia. Nikaandika tena. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, mistari mitatu, kwamba haki ya kukiuza kitabu hicho katika nchi yangu imekwisha na hivyo hawawezi kunirudishia kwenye simu mpya. Pesa je? Hawakugusia. Na si pesa tu, Ndugu Mhariri. Nilikuwa nimekaa nacho wiki tatu, usiku baada ya kusahihisha madaftari, nikipigia mistari na kuandika maelezo pembeni, mifano ya Kibukusu na Kigisu nikiilinganisha na Kiswahili ili watoto wa hapa waelewe ngeli kwa kuanzia na lugha ya nyumbani kwao. Yote yalikwenda na kitabu. Ndipo nilipoyatafuta yale masharti marefu ambayo kila mtu hubofya "Nakubali" bila kuyasoma, nikakuta kwamba siku ile nilipobofya "Nunua" sikununua chochote. Nilipewa leseni ya kusoma, leseni ambayo mwenye duka anaweza kuichukua. Marehemu baba aliniachia kamusi ambayo jalada lake lilitoka zamani na kurasa za herufi A zimeshikiliwa na gundi. Nimeifundishia miaka ishirini na mbili. Nimeiazima kwa walimu watatu ikarudi. Nikifa ataichukua binti yangu. Hakuna mtu wa ofisi ya mbali anayeweza kuingia chumbani kwangu usiku akaitoa kwenye rafu.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka wa 2019 kampuni kubwa kama Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu vyote walivyokuwa wamelipia wateja vikafutika. Wao angalau walirudisha pesa.

Sasa tuje kwenye huo ushindani ambao mwandishi wenu aliusifia aya nne nzima. Naomba aisome historia yake. Amazon, duka kubwa la mtandaoni, ilipotoa Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, mwishoni mwa 2007 iliviuza vitabu vipya vinavyopendwa kwa dola 9.99, mara nyingine kwa hasara, ili kuliteka soko. Wachapishaji wakubwa waliogopa, na hofu yao niliielewa, kwa sababu duka moja likishashika soko lote huwa ndilo linalompangia kila mtu. Lakini walichofanya ni nini? Mwaka wa 2010, kampuni ya Apple ilipokuwa inatoa tableti yake ya iPad, wachapishaji watano walikubaliana nayo mfumo wa uwakala: mchapishaji apange bei mwenyewe, duka liwe wakala tu na kuchukua asilimia 30, na Apple ipewe haki ya kushusha bei yake hadi bei yoyote ya chini itakayoonekana kwingine. Bei ya vitabu vile vile ikapanda hadi dola 12.99 na 14.99 katika maduka yote kwa pamoja. Serikali ya Marekani iliwashtaki mwezi wa Aprili 2012. Wachapishaji wakakubali kumaliza nje ya mahakama mmoja baada ya mwingine, Apple ikakataa, na Julai 2013 Jaji Denise Cote wa New York akaamua kwamba ilishiriki njama ya kupandisha bei. Rufaa ilikwama, na mwaka wa 2016 Apple ikalipa dola milioni 450, ambapo milioni 400 zilikwenda kwa wasomaji wa Marekani. Vizuri. Lakini jambo ambalo habari yenu haikulisema ndilo linalomgusa msomaji wa Mbale: mahakama iliadhibu njama, haikuufuta mfumo wa uwakala. Miaka michache baadaye wachapishaji wale wale waliurudia, safari hii kila mmoja kwa mkataba wake, na ndio unaotawala hadi leo. Ndiyo maana ukitafuta kitabu kimoja cha mchapishaji mkubwa katika maduka matatu ya mtandaoni mara nyingi utakuta bei ile ile hadi senti. Mfanyabiashara wa soko la hapa mjini akiona jirani yake anauza maharage kwa 4,000 anaweza kushusha hadi 3,800. Duka la vitabu vya kielektroniki lililo chini ya mfumo huo haliruhusiwi. Kama muuzaji hana ruhusa ya kushusha bei, huo ushindani uko wapi?

Sisemi mchapishaji asipange bei. Ufaransa wana sheria ya mwaka 2011 inayompa mchapishaji haki hiyo kwa vitabu vya kielektroniki, bei moja kwa maduka yote, ili duka dogo lisimezwe na kubwa. Wao wamelijadili bungeni, kila mtu anajua. Sisi tunaambiwa kuna mashindano, tukashukuru.

Na bei hiyo iliyopangwa kwa kipato cha mtu wa London au New York inapofika huku inaongezewa ya kwetu. Mwaka wa 2018 tulitozwa shilingi 200 kila siku ili kufungua mitandao ya kijamii. Kodi hiyo ilipoondolewa Julai 2021 ikaja ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Juu ya hapo kuna kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18. Kwa hiyo mwalimu anayepakua kitabu cha kufundishia anatozwa sawa na anayepakua video za mieleka. Halafu kwenye warsha tunaambiwa utamaduni wa kusoma umekufa!

Hapo ndipo tunapoishia Wandegeya, mtaa wa Kampala ulio jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, kwenye kunakili vitabu bila ruhusa. Kila mtu aliyesoma Makerere anazijua zile mashine za fotokopi ambazo hazilali. Mimi mwenyewe katika kundi la WhatsApp la walimu nimetumiwa vitabu vizima vya PDF, vingine vya waandishi wa Afrika Mashariki ambao nina hakika hawakupata hata shilingi, ingawa tuna Sheria ya Hakimiliki tangu 2006. Sikuvifungua vyote, lakini viwili nilivifungua, na nilifundisha kwavyo, na jambo hilo linaniuma. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Nilifurahi hadi nikalia. Darasa langu la kidato cha kwanza lina wanafunzi 94 na vitabu 11. Vitabu vingi vya somo langu vinatoka Nairobi na Dar es Salaam, vinavuka mpaka, na kila mkono vinamopita unaongeza chake. Kama kuna mahali ambapo kitabu kisicho na karatasi wala lori kilipaswa kushusha bei, ni hapa. Lakini wachapishaji wa ukanda wetu, wale wachache walioingia huko, wanauza nakala ya kielektroniki kwa bei ya ile ya karatasi au karibu yake. Mwalimu afanye nini? Aandike ubaoni, kama tulivyoandikiwa sisi.

Mapendekezo yangu ni machache. Kwanza, jimbo la California la Marekani, tangu Januari 2025, linamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "Nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Bunge letu linanakili sheria nyingi za watu, linakili na hii. Kitufe kiandikwe "Azima kwa malipo". Bei ionyeshwe kwa shilingi, na kodi zote ndani, kabla mtu hajatoa kadi, na iweze kulipwa kwa pesa za simu kwa sababu wengi wetu kadi ya dola hatuna. Pili, tuna Sheria ya Ushindani ya 2023, na inahusu makubaliano ya kupanga bei. Wizara ya Biashara ianze na vitabu vya shule. Tatu, na hili nawaambia wachapishaji wa Kampala, Nairobi na Dar: tuuzieni sura moja moja. Shilingi 100 kwa sura kwa kila mwanafunzi, shule ilipe kwa simu, ipewe ruhusa ya maandishi ya kuchapa nakala za darasa hilo kwa muhula huo. Kwa wanafunzi wangu 94, mchapishaji anapata zaidi ya shilingi 9,000 kwa sura ambayo leo anapata sifuri.

Kitabu cha isimu nilikinunua tena, cha karatasi, kwa shilingi 58,000. Kilikuwa kimepanda.

Na mwandishi wenu akiirudia habari hii, namwomba achague kitabu kimoja tu, akitafute siku moja katika maduka matatu ya mtandaoni na duka moja la Kampala, kisha atuandikie bei zote nne alizozikuta.

Mwalimu wa Kiswahili,
Namakwekwe, Mbale.