Wapi pa kula Iringa: mmewasahau wanaokula kwa bumu

Mhariri,

Kamwene! Na shikamoo kama umenizidi umri. Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa wikiendi wa wapi pa kula ukiwa Iringa. Nimeusoma wote nikiwa kibandani kwangu, nina steshenari ndogo huku Kihesa, natoa kopi na kubaindi risechi za wanachuo, nikacheka kidogo af nikaudhika kidogo. Sehemu zote mlizotaja ni za mjini kati, za wageni wanaolala usiku mmoja kesho yake wanaenda Hifadhi ya Ruaha. Sio mbaya. Ila mji huu una Chuo Kikuu cha Iringa, una chuo cha Mkwawa, una RUCU (Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha), vijana wote hao wanakula kila siku ya Mungu na kwenye makala yenu hamna hata mama lishe mmoja, yaani hata kwa bahati mbaya.

Tuanze na hela maana ndo mlikoruka. Mwanachuo mwenye mkopo, bumu lake, yaani hela ya mkopo ya chakula na malazi, ni 10,000 kwa siku, ilikuwa 8,500 mpaka ilipopandishwa 2022, na kwenye hiyo kumi toa chumba, toa umeme, toa sabuni, toa bando. Halafu haiji kila siku, inakuja kwa mkupuo. Kwa hiyo siku bumu limeingia kijana ni tajiri, anakula kuku nzima na marafiki zake wanne, wiki ya sita anakuja kwangu na flashi mkononi anaomba nimpunguzie shilingi hamsini kwa kila karatasi. Sehemu ya kula karibu na chuo lazima iijue hiyo kalenda, kama haiijui basi haituhusu hata ikiwa na viti vya kunesa.

Mimi nimesoma Mkwawa, pale palipokuwa sekondari kabla hapajawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005 (wazee wa huku mpaka leo ukiwaambia chuo hawakuelewi, wao ni Mkwawa High tu). Mama niliyekuwa nakula kwake alikuwa na daftari la shule la kurasa 64, kila mteja na ukurasa wake, mi nilikuwa katikati pale kwenye pini. Kuna semista bumu lilichelewa nikala wiki tatu bila kutoa hata mia, wali maharage, ugali maharage, Jumapili ananiwekea kipande cha nyama af haandiki. Nilipolipa alihesabu mara mbili akanirudishia mia tano, akasema mwanangu umezidisha.

Sasa mwandishi wenu akija huku asitafute kibao, vibao hamna. Asubuhi afuate moshi. Mwezi wa sita na wa saba Iringa baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na hapo ndo utaelewa kwa nini saa moja asubuhi watu wamejipanga kwenye benchi na makoti wanakunywa supu ya makongoro na chapati mbili, ndimu na pilipili za kuungua masikio. Saa nne vitumbua na chai ya maziwa, hiyo ni ya wale wenye vipindi vya asubuhi waliotoroka.

Mchana ndo penyewe. Mchana wa Kihesa ni ugali, na ugali wa huku unashiba, sio ule wa mjini unakatwa kwa bakuli dogo kama keki. Unapewa na maharage, majani ya maboga au chainizi, na siku nyingine perege wa bwawa la Mtera wa kukaanga, mkavu, unautafuna mpaka mapezi. Mimi nalipa 2,000, na samaki inapanda. Nikifika sehemu mpya siangalii menyu, nachungulia sufuria la maharage. Yakiwa mazito, mchuzi umeshikana na yamepondeka kidogo, nakaa. Yakiwa yanaelea kila moja kivyake kama yamegombana, naaga. Kingine naangalia nani anakula pale, ukikuta mafundi wa gereji na wapiga tofali wamekaa na wanachuo benchi moja basi hapo mzani wa nyama ni wa haki, fundi hadanganywi nyama.

Jioni ni chipsi, hilo siwezi kubisha, kila kona kuna kabati la vioo na taa. Viazi tunavyo, Njombe ni hapo tu, kwa hiyo hamna sababu ya mtu kukuuzia zege (chipsi mayai) lenye viazi vilivyokaangwa tangu saa kumi af anavirudisha kwenye mafuta vipashe. Mwambie akukaangie vipya, subiri. Kachumbari ombeni nyingi, ni bure.

Neema Crafts, karakana ya kazi za mikono yenye mgahawa, mlipataja na hapo nawaunga mkono kabisa. Pale wamekuwepo tangu 2003, chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha, kazi wanafanya watu wenye ulemavu, na mgahawani wanaokuhudumia ni viziwi, unaandika oda yako kwenye karatasi au unaonesha kwa ishara. Sio bei ya kila siku kwa mwanachuo ila siku bumu limeingia mpeleke mwenzio, mtanyamaza wote mtashangaa mlikuwa mnapiga kelele za nini.

Kilichonifanya nishike kalamu hasa ni hiki. Kuna mgahawa mmoja umefunguliwa karibu na hosteli, siutaji, una taa za rangi na ukuta wa kupigia picha. Nilimpeleka mdogo wangu amefaulu mwaka wa kwanza. Tumekaa saa nzima na nusu, mziki mpaka hatusikiani, kuku amekuja nje ameungua ndani damu, bili 26,000 na maji hatukuomba yamo. Dogo akaniuliza kaka hii si nauli yangu ya kwenda nyumbani. Nikakosa jibu. Tukatoka tukapita kwa mama wa jirani tukala wali maharage, maana njaa ilikuwa palepale, na ndo sehemu za aina ile zinazoandikwa magazetini kwa kuwa zinapendeza kwenye picha.

Kwa hiyo mhariri naomba ukurasa mwingine, wa huku. Upande wa RUCU waandike wa huko wenyewe. Mwandishi akija Kihesa aulizie steshenari yenye turubai la bluu, ntamzungusha mwenyewe, chakula atajilipia. Ila awahi, ikipita saa saba na nusu maharage yameisha, anakuta ugali na mchuzi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga kopi wa Kihesa, Iringa