Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Uingereza kuhusu wazee wa Kiayalandi

Mheshimiwa Waziri wa Afya na Huduma za Jamii,

Nakuandikia kwa heshima nikiwa mhudumu wa wazee majumbani, kaskazini mwa London. Natumia Kiswahili kwa kuwa baadhi yetu tunaowaogesha na kuwapa dawa wazee wa Kiayalandi wa Kilburn na Cricklewood tumetoka Afrika Mashariki, na jambo hili tumekuwa tukilizungumza sisi kwa sisi tu.

Katika miaka ya 1950 watu wapatao 400,000 waliihama Ayalandi, wengi wao wakaja huku. Wanawake wengi walikuwa wauguzi katika hospitali unazozisimamia leo. Wanaume walifanya vibarua vya ujenzi: walichukuliwa alfajiri kando ya barabara, wakalipwa mkononi bila kukatiwa michango ya bima ya taifa ambayo ndiyo msingi wa pensheni, na aliyelipwa kwa hundi mara nyingi aliibadilisha kuwa pesa taslimu kwenye baa, hivyo ujira ukaanza kunywewa kabla haujafika nyumbani. Ulevi tunaoukuta kwa mzee anayeishi peke yake, mwenye pensheni kiduchu, si tabia ya taifa lake kama watu wanavyotania. Una mzizi katika namna alivyoajiriwa.

Mabomu ya Birmingham ya Novemba 1974, yaliyohusishwa na IRA, kundi la Kiayalandi lenye silaha, yaliua watu 21, na baada yake Waayalandi wasio na hatia walijifunza kunyamaza hadharani ili lafudhi isiwaponze. Aliyeishi hivyo kwa miaka mingi hamwendei daktari kumweleza kwamba ana sonona. Wapo pia waliolelewa katika taasisi za kanisa huko kwao, ambazo ukatili wake ulianikwa na ripoti ya Tume ya Ryan, iliyochunguza unyanyasaji wa watoto nchini Ayalandi, mwaka 2009. Mzee wa namna hii anapoanza kupoteza kumbukumbu, kisha akapelekwa kwenye makao yenye milango ya kufungwa na amri za kula na kulala, hofu ya utotoni humrudia, nasi huandika kwenye faili kwamba ni mkaidi.

Fomu za afya zina nafasi ya kumtaja Mwayalandi, lakini anayejaza kwa kuangalia rangi ya ngozi humwandika Mwingereza mweupe, na hapo historia yote hii hufutika. Naomba uagize mgonjwa aulizwe mwenyewe. Naomba pia washauri wa afya ya akili wapelekwe kwenye vituo vya Waayalandi, mahali ambapo wazee hawa hufika kwa chakula cha mchana na karata, na mazungumzo yao yasikatwe baada ya wiki chache, kwa sababu siri ya miaka sitini haitolewi kwa haraka. Serikali ya Ayalandi imekuwa ikivisaidia vituo vya aina hiyo kifedha kwa miaka mingi. Sioni haki Dublin kuachiwa mzigo wa watu waliozeeka wakiijenga London. Fedha zitakazotengwa ziwe za miaka kadhaa, na sisi wahudumu tufundishwe historia hii kabla ya kukabidhiwa funguo za nyumba zao.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa wazee, London