Panya anapoganda

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia umepewa kazi ya kupima woga wa panya hapo maabara. Umeniuliza uangalie nini, basi nakujibu kabla hujaanza.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Panya huwekwa kwenye kizimba chenye sakafu ya fito za chuma, husikilizishwa mlio, na mlio unapokaribia kwisha hupigwa shoti ndogo ya umeme miguuni, aghalabu isiyozidi miliampea 1. Kesho yake anasikilizishwa mlio peke yake, bila shoti. Aliyejifunza huganda: hageuzi kichwa, masharubu yametulia, kinachocheza ni mbavu tu kwa pumzi. Tunachohesabu ni asilimia ya muda aliokaa ameganda.

Jaribio hilo la pili lifanyieni kwenye kizimba kingine chenye sura na harufu tofauti, maana panya huogopa mlio na huogopa mahali pia. Mwaka 1992 watafiti Kim na Fanselow walionyesha kuwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ikiharibiwa siku moja baada ya mafunzo, woga wa mahali hutoweka lakini mlio bado humgandisha. Ukimrudisha pale pale, hutajua unapima woga upi. Andika pia ameganda kiasi gani kabla ya mlio.

Sasa jambo linalonikera. Programu ya kamera inayohesabu kuganda haioni woga, inaona utulivu. Panya aliyesinzia huhesabiwa kuwa ameogopa! Tazama baadhi ya video kwa macho yako, bila kuambiwa panya yupi ni wa kundi lipi, kisha ulinganishe.

Na majike, Rehema, usiwapunje. Tafiti nyingi za zamani zilitumia madume tu. Mwaka 2015 Gruene na wenzake waliripoti kwamba baadhi ya majike, wakisikia mlio, hukurupuka mbio badala ya kuganda. Ukihesabu kuganda peke yake, jike kama huyo utamwandika hakujifunza kitu, kumbe jibu lake lilikuwa ni zile mbio. Zipe safu yake kwenye jedwali tangu siku ya kwanza.

Mkiweza kupata kinasa sauti cha milio ya juu, kiwasheni. Panya wakubwa wenye hofu hulia kwa mitetemo kama 22,000 kwa sekunde, na sikio letu halisikii hata kidogo.

Ukishatazama video za kwanza niandikie, hasa ukimwona jike anayekurupuka.

Wako akupendaye,
Salma