Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: mwaka wa Mramba

Baba na mama, ndugu na dada, nanyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema, nawasalimu.

Katiba ya kikundi chetu cha vikaragosi inanitaka kila Januari niwasomee tulichofanya, pesa zilikopita, na nani ametuacha. Nitayasema yote. Lakini sote tunajua kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa ndege mmoja mweusi mwenye mkia kama wa samaki, mramba, na hata nikimtengea ukurasa mmoja tu ataiba mingine. Basi nianze na mambo mepesi niyamalize.

Tulianza mwaka tukiwa 19. Wameingia watano, wametoka wawili, wote vijana wetu wa mkono mwepesi, wamekwenda Kolwezi kutafuta kazi ya machimbo. Hatuwalaumu. Mmoja alituachia glovu zake. Tumecheza vikaragosi mara 14 katika komini, yaani wilaya, za mji wetu wa Lubumbashi, Kongo: Katuba mara tano, Kenya mara tatu, Ruashi na Kampemba mara mbili mbili, Kamalondo mara moja, na mara moja kwenye arusi ambako hakuna aliyetuangalia isipokuwa mpishi.

Pesa: ziliingia franka 1,260,000, zikatoka 1,175,000. Nyingi zilikwenda kwenye usafiri, na nyingine kwenye spika ya mtumba iliyoimba maonyesho mawili ikanyamaza. Muuzaji alikuwa ametuapia kwa mama yake mzazi. Mweka hazina ana risiti zote, mwulizeni yeye, mimi nikiona tarakimu nyingi macho yanafanya machozi.

Sasa tuje kwa huyo ndege.

Kwa wale watano wageni, nieleze kwanza anapoishi. Msitu wetu wa hadithi tumeufananisha na miombo iliyouzunguka mji huu, ile ambayo wazee wetu waliikuta karibu na nyumba na ambayo uchomaji wa mkaa umeisukuma mbali mwaka hadi mwaka. Wanyama wetu wanakaa ndani ya vichuguu vile vikubwa vyekundu, vinavyopita nyumba kwa urefu. Kila kichuguu ni mtaa. Mfalme ni Pongo, mzee mwenye haya anayejificha hata baraza lake likikaa. Nguchiro ndio wachuuzi, Nungunungu ndiye wa ushuru, na pesa yao ni misalaba ya shaba, kama ile iliyotengenezwa na mababu wa Katanga. Mwaka wao unaanza pale majani mapya ya miombo yanapotoka mekundu, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka. Mvua ikikolea, vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, vinajaa mitini, soko linachangamka, na mwizi anapata kazi.

Wazo la mwizi lililetwa na mwenzetu anayefundisha biolojia. Basi lake liliharibika kwenye barabara ya Kipushi, akakaa saa mbili chini ya waya wa simu akimtazama mramba. Kila dereva alipopiga hatua majanini na kushtua panzi, ndege alishuka, akanyakua, akarudi wayani kama mtu aliyeketi barazani kwake. Kwenye mkutano wa Februari mwalimu akatueleza mengine. Mtafiti Tom Flower aliwafuata ndege wa aina hiyo katika Kalahari, Afrika Kusini, na mwaka 2014 jarida la Science likachapisha alichokiona. Huko mramba anawakalia juu jamaa wa nguchiro wanapofukua wadudu. Mwewe akitokea kweli, anapiga ukelele, nao wanaingia mashimoni wakiwa wazima. Wanamzoea, wanamtegemea. Kisha mmoja wao anachimbua nge mnono, mramba anapiga ukelele uleule, wote wanatoweka, na nge amebaki peke yake mchangani. Karibu robo ya chakula chake cha siku anakipata kwa njia hiyo. Wakianza kumshtukia anabadili sauti, anaiga ukelele wa ndege mwingine, au wa walioibiwa wenyewe.

Mzee wetu wa ngoma alipinga. “Tuko na Kalulu,” alisema, “ndeke ni ya nini?” Ni swali zito, na sikumjibu vizuri siku ile, kwa hiyo nijibu leo. Kalulu, sungura mjanja wa hadithi, anawachezea wakubwa, simba na tembo, na mtoto anajua kabla pazia halijafunguka kwamba Kalulu atashinda. Mramba anawaibia wadogo kama yeye. Kesho asubuhi lazima awatazame machoni, kwa sababu bila wao hapati chakula. Hapo ndipo mimi nilipomtaka.

Kikaragosi chake kilitengenezwa na mama katibu kwa wiki moja. Mwili ni soksi ya shule iliyojazwa pamba ya godoro. Mabawa ni kitambaa cha mwavuli uliovunjika, na mbavu za mwavuli bado zimo ndani, ukivuta uzi yanafunguka na kulia “chwa!” Macho ni vipande viwili vya taa ya nyuma ya pikipiki, maana mramba ana macho mekundu, na tukiweka tochi nyuma yake watoto wa mstari wa mbele wanarudi wa pili bila kuambiwa.

Mnakumbuka yaliyotokea Katuba mwezi wa sita. Ilikuwa baridi, upepo wa jioni unarusha vumbi jekundu, na akina mama wa pale walikuwa wametuletea beseni la vitumbula wakaliweka kwenye benchi la mbele. Tulikuwa tumefika katikati, Mramba ameshawatimua nguchiro mara mbili. Mtoto wa kama miaka minane, shati la shule lenye kifungo kimoja, akasimama akapiga kelele: “Nyoka! Nyoka iko apa, chini ya kiti!” Benchi lote likaruka. Nami niliruka, na ngoma mkononi, sitaficha. Vumbi lilipotulia yule mtoto alikuwa amekaa peke yake na beseni mapajani, mashavu yamevimba, sukari kidevuni, anatutazama bila hofu yoyote. Kimya kidogo. Kisha msichana mmoja akamnyooshea kidole: “Mramba!” na uwanja ukapasuka kwa kicheko.

Wiki tatu baadaye, Kenya, mwingine alijaribu nyoka. Hakuna aliyeinuka, habari ilikuwa imeshapita komini. Alifikiri kidogo. Halafu akatoa sauti ya bibi mzee, ya puani, inayoita jina la mwenzake kutoka nyuma ya ukuta: “Kuya! Kuya mbio!” Mwenzake alikimbia nyumbani akaacha nusu ya mkate. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa karibu kulia kwa furaha. Alisema Kalahari imekuja Lubumbashi bila viza.

Lakini hapo hapo barua ilifika. Kurasa mbili, kalamu ya bluu, kutoka kwa baba mmoja wa Katuba. Sentensi moja aliipigia mstari chini: “Munafundisha batoto kuiba.” Wenzangu kwenye kamati walitaka nijibu kwa barua. Nilikwenda kwa miguu. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti chenye mgongo, akabaki yeye kwenye kigoda. Akanionyesha ukutani pale waya wa umeme wa nyumba yake ulipopita. Ulikatwa usiku mara mbili mwaka huo, kwa ajili ya shaba. Mara ya pili mke wake alikuwa na mtoto mchanga, na waliishi na mishumaa kwa wiki. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: katika tamthilia yenu ndege anaiba msalaba wa shaba wa mfalme na watoto wanapiga makofi, si ndiyo?

Ndiyo. Na wanachama, ile sehemu ya msalaba niliiandika mimi. Mwalimu hakuwa amesema lolote kuhusu shaba. Nilitaka hadithi inuke harufu ya Katanga, na nilikuwa nimesikia tangu utoto kwamba ndege wezi wanapenda vitu vinavyong’aa. Nilimuuliza mwalimu baadaye. Akanijibu kwamba mramba haibi shaba, anaiba chakula, na kwamba hadithi ya ndege kupenda vitu vinavyong’aa ni ya Ulaya, inamhusu ndege wa huko wa ukoo wa kunguru. Hata huyo wanamsingizia: mwaka huohuo wa 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walimwekea vitu vinavyong’aa karibu na chakula, na badala ya kuvibeba aliviogopa. Kwa hiyo nilikuwa nimemwongezea mwizi kosa ambalo si lake, na kosa lenyewe ni lile linalouza usingizi wa watu katika mji huu. Tumeliondoa tangu Agosti. Msalaba wa mfalme sasa unabaki shingoni mwake mwanzo hadi mwisho, na mchezo haukupungukiwa kitu.

Nilichokataa ni pendekezo la pili, la wajumbe watatu wa kamati, kwamba Mramba akamatwe Disemba, atubu, arudishe vinkubala na awe mlinzi wa soko mwenye kofia. Ndugu zangu, kofia ile mmeshaishona, nimeiona. Ni nzuri. Lakini mtoto wa Katuba angeitazama mara moja tu na kujua kwamba watu wazima wameingilia mchezo.

Wengine wakapendekeza ile hadithi kongwe: apige ukelele wa kweli, wasimwamini, aliwe. Mwalimu aliikataa kabla yangu. Alisema porini haiwi hivyo, kwa sababu Mramba anasema kweli mara nyingi mno. Nguchiro anayempuuza ili kuokoa nge mmoja anaweza kupoteza shingo. Ndiyo maana wanaendelea kukimbia, hata kama wanaibiwa.

Kutokana na maneno hayo tukaandika onyesho la Disemba, na kwa walioukosa usiku ule Ruashi nitalieleza. Nungunungu anaitisha baraza. Nguchiro wanaleta hesabu ya vinkubala vilivyoibwa, ndefu, imeandikwa kwenye ganda la mti na inashuka hadi chini ya jukwaa. Mfalme Pongo, nyuma ya kichaka, anatoa hukumu: Mramba ahame msitu. Anaondoka bila neno, mabawa “chwa”. Kesho yake ni siku ya soko. Vinkubala tele, hakuna anayeiba. Na kuna ukimya. Tuliuacha ukimya ule bila ngoma, nikahesabu moyoni hadi kumi na mbili, na watoto wakaanza kutazama juu wenyewe, kwenye paa la turubai. Ndipo kivuli cha mwewe kikapita juu ya soko.

Hatukuonyesha nani alichukuliwa. Tulionyesha kikapu kimoja cha vinkubala kisicho na mwenyewe.

Baada ya hapo wanatuma mjumbe kumwita Mramba, naye anakuja na masharti: vinkubala vitatu kila siku ya soko. Wanakubali. Anakula vitatu. Kisha anatazama cha nne, anatazama watoto, na pazia linafungwa. Mjadala uliofuata pale uwanjani ulikuwa mrefu kuliko mchezo. Msichana mmoja alisema hivyo vitatu ni mshahara, cha nne ndicho wizi. Kaka yake akasema vyote ni mshahara kwa sababu ni yeye anayepigana na mwewe (na kweli, ndege huyu mdogo humfuata mwewe angani na kumdonoa mgongoni hadi akimbie). Bibi mmoja akasema kama walimpa vitatu kwa hofu, hata hivyo vitatu ni wizi. Yule baba wa barua alikuwa amekuja, amesimama nyuma na mtoto begani. Hakusema kitu. Lakini alikaa hadi taa zilipozimwa, na alitusaidia kubeba mabenchi.

Mwaka huu tunaouanza kamati inapendekeza hadithi mpya, na hili mtalipigia kura leo. Mramba anajenga kiota. Ndege mwingine, kekeo, anakuja wakati hayupo na kumwekea yai lake humo, lenye rangi na madoa yaleyale, mwizi aibiwe malezi. Hili nalo si la kubuni. Kwa jirani zetu wa Zambia watafiti walilichunguza, na kazi yao ilitoka mwaka 2023: mayai ya kekeo yanafanana mno na ya mramba, lakini kila mramba jike anataga mayai yenye alama zake, kama mtu na sahihi yake, na zaidi ya mara 90 katika 100 analitambua yai la mgeni na kulitupa nje. Yaani tapeli anajua karatasi bandia akiiona. Ninachotaka mwamue ni kama wetu atalitambua au ni mmoja wa wale wachache. Mimi nina upande wangu, nitausema zamu yangu ikifika. Mama katibu amekwisha kuchonga mayai manne, na amekataa kutuambia lipi ni la kekeo.

Tunahitaji pia mwavuli mweusi wa mke wa Mramba. Uliovunjika unatosha. Spika hatununui tena ya mtumba.

Baada ya kura kuna chai. Vitumbula viko kwenye beseni, meza ya nyuma, viko 44, viwili kwa kila mtu, na nimevihesabu kabla sijaanza kusoma. Mtu akipiga kelele za nyoka, mimi siinuki.