Barua ya wazi kwa vijana mliomaliza kidato cha sita mnaotaka kwenda kujitolea ng'ambo

Wapendwa wanangu na wajukuu zangu,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Tangu mrudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), haipiti wiki bila kijana mmoja kunipitia jioni akiwa na simu mkononi, akinionyesha tangazo la kwenda kujitolea au kufanya mafunzo kwa vitendo Ujerumani, Marekani, Norway, Urusi na kwingineko, naye huniuliza swali lile lile: "Shikamoo mwalimu, hii ni ya kweli?" Nimeona niwajibu wote kwa pamoja na kwa maandishi, kwa sababu maneno ya barazani kila mtu huondoka na lile alilotaka kulisikia. Ninayoyaandika mengine nimeyasoma, na mengine nimesimuliwa na wanafunzi wangu wa zamani waliokwenda na kurudi.

Kwanza niwatoe wasiwasi kwamba mimi si katika wale wazee wanaodhani kila kijana apandaye ndege amepotea. Mwaka mmoja kati ya shule na chuo, ukitumiwa katika kazi halisi mbele ya watu wasiokujua, unaweza kumfunza kijana mambo ambayo sisi walimu tulishindwa kumfunza kwa miaka sita. Ninachowaomba ni kwamba msome kazi kabla ya kusoma nchi. Wengi wenu mnaanza na jina la nchi, mnazitazama picha za theluji na treni, na mnapoufikia mstari unaoeleza mtakuwa mkifanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni, mnaupita mbio kama vile hauwahusu.

Nianze na mpango wa kweli, ili muwe na kipimo. Mwaka 2008 wizara ya ushirikiano wa maendeleo ya Ujerumani ilianzisha mpango uitwao weltwärts, wa kuwapeleka vijana wa Kijerumani kujitolea katika nchi kama zetu, na baadhi ya vijana wa Kizungu mliokuwa mkiwaona katika shule na vituo vya watoto walikuja kwa njia hiyo. Mlango wa upande wa pili, wa vijana wetu kwenda kwao, ulifunguliwa mwaka 2013. Miaka mitano tuliwapokea wao bila wetu kupokewa, na nadhani ni haki kulisema hilo waziwazi, ingawa si sababu ya kuususia mpango wenyewe.

Kijana wetu akifika Ujerumani kwa njia hii, kwa kawaida huandikishwa katika utumishi wa kujitolea wa shirikisho, ambao wao huuita Bundesfreiwilligendienst, na inafaa mjue utumishi huo ulitoka wapi. Ulianza Julai 2011, wakati Ujerumani iliposimamisha utumishi wa lazima jeshini. Kabla ya hapo, vijana waliokataa kushika silaha kwa sababu za dhamiri walipangiwa utumishi mbadala, nao kwa miongo mingi ndio waliokuwa wakisukuma viti vya magurudumu, wakilisha wazee na kuwahudumia watu wenye ulemavu. Sheria ilipobadilika vijana wale wakaacha kuja, lakini wazee na wagonjwa walibaki palepale wakihitaji mikono. Kwa hiyo anayekwenda anaingia katika kazi iliyokuwepo kabla yake, yenye zamu, msimamizi na kitabu cha mahudhurio, na wala hapokewi kama mgeni wa heshima aliyekuja kuangalia.

Masharti yake yameandikwa bayana. Kijana hupewa fedha ya mfukoni kila mwezi, ambayo ni ndogo na haikusudiwi kuwa mshahara, hupewa mahali pa kulala, chakula au posho yake, na bima ya afya, na katika miezi kumi na miwili huhudhuria siku 25 za semina. Uchaguzi hufanywa kwa kushirikiana na taasisi ya nyumbani inayomfahamu kijana. Kwa mfano, baadhi ya dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni wanachama wa jumuiya ya makanisa yenye makao yake Wuppertal, Ujerumani, ambayo hupeleka na kupokea vijana wa kujitolea, na Dar es Salaam na Hamburg zimekuwa miji dada tangu mwaka 2010, jambo lililozaa ushirikiano wa shule na vikundi kadhaa. Katika njia za namna hii pana mtu unayeweza kumwendea ofisini ukamwuliza, na akikudanganya mchungaji wake au mkuu wake wa shule atajua.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kama alivyonisimulia binti mmoja niliyemfundisha, aliyepangiwa nyumba ya kutunzia wazee. Zamu ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili, na katika mwezi wa Desemba kule Kaskazini jua halitoki mpaka saa mbili na nusu, hivyo alikwenda kazini gizani na mara nyingine akarudi gizani. Alivaa glavu, akajaza maji ya vuguvugu kwenye beseni, akayapima kwa kiwiko, kisha akaingia chumbani kwa bibi mmoja aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Bibi yule siku nyingine alimwita kwa jina la binti yake wa kumzaa na kumshika mkono, siku nyingine alimsukuma na kukataa kabisa kuguswa naye. Binti alipaswa kusubiri, kuimba kidogo, kujaribu tena, na kumwita muuguzi ikishindikana, kwani kumlazimisha mzee hairuhusiwi. Jioni chakula kilikuwa mkate baridi na jibini, na Jumapili maduka yote yakafungwa, mji ukawa kimya, naye akakaa chumbani akisikiliza sauti za nyumbani kwenye simu. Aliniambia kwamba miezi mitatu ya kwanza alilia, na kwamba baada ya hapo hakutaka kuondoka. Yote mawili nayaamini. Ila ninyi mnaosema mnataka kwenda kwa sababu mmechoka kukaa nyumbani, jiulizeni kama mko tayari kumwosha mzee asiyewajua, maana nimewaona baadhi yenu mkikunja uso mkitumwa kumpelekea bibi yenu maji ya kuoga.

Njia nyingine mnayoiulizia ni ile ya au pair, yaani kukaa na familia na kusaidia watoto. Huko Ujerumani kanuni zake ni hizi: kijana awe na umri wa kuanzia miaka 18 na asiwe amefikisha 27, awe na Kijerumani cha ngazi ya kwanza, kazi isizidi saa 30 kwa wiki, apumzike siku moja na nusu kila wiki, na familia impe euro 280 kwa mwezi pamoja na mchango wa ada ya kozi ya lugha. Nazitaja tarakimu hizi kwa sababu kijana anayezijua hawezi kugeuzwa mtumishi wa ndani wa kuamka alfajiri na kulala usiku wa manane. Norway, ambako wengine mlikuwa mnapatazama, iliufunga mpango wake wa au pair Machi 2024 baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba vijana wanatumikishwa, kwa hiyo anayewauzia nafasi hiyo leo anawauzia kitu kisichokuwepo.

Kuhusu Marekani nitasema machache. Viza ya mafunzo kwa vitendo ambayo mawakala huitangaza, ile ya J-1, kwa upande wa mafunzo hayo humtaka mtu awe anasoma chuo nje ya Marekani au awe amehitimu chuo ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita, na lazima awe na mdhamini aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Ninyi bado hamjaingia chuo. Basi wakala anayewaahidi mafunzo hayo sasa hivi, ama hajui kazi yake, ama anaijua vizuri mno.

Mzazi mmoja aliniletea mkataba wa kurasa nne wa binti yake, umepigwa chapa vizuri, una bendera mbili juu na muhuri wa duara chini. Kurasa mbili za kwanza zilisifu nchi. Ukurasa wa tatu ulidai "ada ya kushughulikia" iliyotakiwa kulipwa kabla ya mahojiano, isiyorudishwa, nayo itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Kazi ilielezwa kwa maneno manne tu, "shughuli mbalimbali za kijamii", bila jina la kituo, bila anwani, bila saa za kazi wala jina la msimamizi. Huku ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na baba yule alikuwa ameshatafuta mnunuzi wa kiwanja chake. Nilimshauri aandike kuomba jina la kituo, ili sisi wenyewe tukiandikie moja kwa moja, na wakala akaacha kupokea simu.

Lakini msidhani kwamba ukiona kila kitu ni bure basi umesalimika, kwa maana hapo ndipo kipimo cha fedha peke yake kinapokosea. Nchini Urusi, katika jimbo la Tatarstan, liko eneo maalumu la kiuchumi liitwalo Alabuga, na mpango wake wa Alabuga Start umekuwa ukiwatangazia mitandaoni wasichana wa umri wa miaka 18 hadi 22, wakiwemo wa Uganda, Rwanda na Kenya, tiketi ya bure, mshahara, masomo ya Kirusi na kazi katika hoteli, upishi na bohari. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba baadhi ya wasichana hao walipofika waliwekwa katika kiwanda cha kuunda ndege zisizo na rubani zinazotumika katika vita vya Ukraine, wakishughulika na kemikali zilizowaumiza ngozi. Miezi michache kabla ya hapo, Aprili 2024, mabweni ya eneo hilo yalikuwa yameshambuliwa kwa ndege ya namna hiyo hiyo kutoka Ukraine. Mabinti wale hawakutozwa ada. Swali la nani analipa lisingewaokoa, ila swali la nitafanya kazi gani hasa, katika jengo gani, chini ya nani, lingewatia shaka mapema. Mabinti zangu, mkiona tangazo linalowataka wasichana peke yao, wa umri mdogo, bila ujuzi wowote, kwa malipo mazuri, msiogope kuonekana wakorofi kwa kuuliza.

Hata mpango ulio halali una hatari zake. Wawili katika vijana wetu wa Kitanzania waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo waliuawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023, na mwili wa mmoja wao haukurudishwa hadi Novemba 2025. Walikwenda kihalali, kujifunza, na sitaki mtu yeyote aseme kwamba walikosea. Ninachotaka ni kwamba mwulize jina la kijiji au mji, mlitafute kwenye ramani, mjue liko umbali gani na mpaka wenye vita, na mkifika mjiandikishe katika ubalozi wetu siku za mwanzo kabisa, bila kungoja tatizo.

Kuna mambo ya nyumbani pia. Ukishachaguliwa chuo, usiondoke ukitumaini kwamba nafasi itakungoja kwa hisani: andika barua ya kuomba kuahirisha, pata jibu la maandishi, na uliza mapema itakuwaje kuhusu mkopo wako, kwa kuwa anayerudi na kukuta nafasi imekwenda huanza upya pamoja na wadogo zake. Mwachieni mzazi nakala ya pasipoti, mkataba, anwani ya kituo na namba ya msimamizi. Pasipoti yenyewe ni ya kukaa nayo wewe. Mwajiri au wakala anayeichukua "kwa usalama" ameshakupa habari zote unazohitaji kumhusu, na hapa kwetu ipo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, ambayo polisi na Wizara ya Mambo ya Ndani wana wajibu wa kuitumia mkiripoti. Mawakala wa ajira za nje hutakiwa kuwa na leseni. Hapa Tanzania ulizeni TaESA, yaani wakala wa serikali wa huduma za ajira, na wenzenu wa Kenya waulize Mamlaka ya Taifa ya Ajira, kabla ya kutoa hata shilingi.

Wapo watakaoniuliza kuhusu kubaki huko baada ya mwaka kwisha. Najua kwamba baadhi ya waliojitolea hupata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani, na sioni aibu katika hilo, mradi lugha imefika inapotakiwa na kibali kimebadilishwa kwa taratibu za nchi ile. Msichokifanya ni kumwambia ofisa wa viza jambo moja huku mmepanga jingine na mjomba aliyeko Berlin. Kijana mmoja akitoroka kituoni, taasisi iliyompeleka hupoteza imani kwa wenzake, na anayefuata mwakani, pengine mdogo wako, ananyimwa kwa kosa asilolitenda.

Mimi nipo nyumbani kila siku baada ya swala ya alasiri. Mwenye mkataba auchapishe kwenye karatasi, kwani kwenye simu kurasa za mwisho hazisomwi, aje nao pamoja na mzazi wake, tukae tuusome mstari kwa mstari. Kama umeandikwa kwa Kijerumani au Kiingereza kigumu, yupo yule binti niliyemtaja, amerudi na anafundisha hapa mjini, naye amekubali kutusaidia. Kabla ya kuja, kila mmoja aandike pembeni kwa kalamu yake jina la kituo, anwani, kazi ya kila siku, saa za kazi na jina la msimamizi. Aliyekosa moja katika hayo amwandikie kwanza wakala wake kumwuliza, kisha aje na jibu alilopewa.

Wasalaam,
Mwalimu wenu mstaafu,
Tanga