Shoga, nitafutie mbegu ya choroko

Bagamoyo, Juni

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na mguu wa mama mkwe umepata nafuu. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mafua ya kipupwe yamempitia kila mtu nyumbani. Salamu zilizobaki utazipata kwa Mama Tatu, maana ndiye niliyempa barua hii. Anakuja huko kwenye arusi ya mdogo wake, na unavyomjua, atakumalizia habari za Bagamoyo nzima kabla hujamkaribisha maji. Simu yako nimepiga mpaka nimechoka, haipatikani. Kwa hiyo nakuandikia, tena mbio mbio.

Nataka mbegu ya choroko. Ya sokoni sitaki, ile imechanganyika, nyingine ina matundu. Nataka ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, hapo kwenu Kilosa, pahala ambapo wewe unaweza kwenda asubuhi ukarudi kuinjika chakula cha mchana. Kilo tano za aina ya Nuru. Ikikosekana, hata Imara nitashukuru. Na kunde za Vuli-1 kilo mbili, hizo za kumtuliza mama, kwa sababu yeye zao lisilochumwa majani ya mboga halihesabu kuwa zao. Pesa ziko kwenye bahasha. Zichukue kwa Mama Tatu kabla ngoma hazijaanza, nakusihi.

Haraka yenyewe ni hii. Mpunga wetu wa bonde la Ruvu, ule wa mbegu ya SARO 5, umeshainamisha vichwa na kugeuka rangi. Masika yamekata. Maji ya juu hakuna tena, lakini ukichomeka kidole kwenye udongo kinatoka na tope. Basi kila mwaka nini hufanyika? Tunavuna, tunapura, tunaondoka. Baada ya muda mfupi ule mfinyanzi umepasuka nyufa za kumeza kandambili, unyevu wote umekwenda na jua, na sisi tumekaa nyumbani tunangoja vuli. Choroko inaiva kwa siku 60 hadi 75 hivi, na mvua ikiikuta imekomaa ndiyo inaiharibu. Unyevu uliobaki chini ya mpunga unaitosha, mradi mbegu iuwahi. Ikichelewa, hapana. Ndiyo maana nakuambia mbegu inikute mpunga bado umesimama.

Baba Salma ameshanicheka. Anasema udongo uliokanyagwa msimu mzima wa mpunga ni tofali, jembe litaruka. Hapo ana haki, tena haki kubwa: mizizi ya jamii ya kunde haipendi udongo ulioshindiliwa, na ukisema ulime kwanza ndipo upande, unaufungua udongo ili ukauke upesi zaidi. Mimi silimi. Tukishakata mpunga, nachoma mashimo na kijiti pembeni ya visiki, sentimita hamsini mstari kwa mstari, kumi shimo kwa shimo, nafukia, halafu nalaza mabua juu kuzuia jua. Siku hiyo hiyo tuliyovuna, kipande kwa kipande. Yule bwana shamba wetu (bado hajaoa, usiulize) ametusimulia kuwa kule Bangladesh, kwenye ukanda wa Barind, wanapanda dengu nyuma ya mpunga wa mvua namna hii, na usiku wa kuamkia kupanda wanaloweka mbegu majini kwa muda wa kama saa nane. Asubuhi wanaichuja, wanaianika kidogo tu isigandane, wanaipanda siku hiyo hiyo. Mbegu inaingia ardhini imekwisha kunywa, inaota haraka kabla tabaka la juu halijakauka. Na India wako wanaomwaga dengu na jamii nyingine za kunde ndani ya mpunga uliosimama, siku chache kabla ya kuvuna, wakauvuna mpunga juu ya miche.

Baba Salma akauliza, "Hao wenzetu hawana ng'ombe?"

Wanao, shoga. Hicho ndicho kilio chao kikubwa na wao: mpunga ukitoka, mifugo inaachiwa mabonde, na aliyepanda peke yake ndiye anayelisha ng'ombe wa kijiji kizima. Huku ni vile vile. Mpunga ukishakatwa, bonde si la mtu. Mifugo inashuka kula mabua na hakuna anayeona kuwa ni kosa, kwa sababu miaka yote hakukuwa na kitu cha kuharibu. Siwalaumu wafugaji, kiangazi majani wayatoe wapi? Lakini nikipanda nusu eka ya choroko mbichi, kijani peke yake katikati ya bonde la rangi ya majivu, si ndiyo nimewatandikia jamvi?

Nimezungumza na majirani wa upande wa mfereji. Mama Hadija kakubali. Babu wa mwembeni kakubali nusu, yaani anasema tuanze sisi yeye ataona. Tukipanda mfululizo, mashamba yakashikana, hata kulinda ni rahisi, watoto wanapokezana, na tunaweza kwenda serikali ya kijiji tukiwa kundi tuombe mifugo ipitishwe upande wa juu mpaka tuchume. Mtu mmoja akienda anaambiwa ajenge uzio. Uzio wa nini, kwa choroko?

Halafu kuna mwenye shamba. Hili limenichoma. Unajua tunakodi kwa msimu. Sasa kasikia habari za choroko, kaja juzi kunywa chai, kakaa, kanyamaza, kisha kasema msimu unaisha mpunga ukivunwa, na anayetaka kuendelea alipe tena. Shamba ambalo miaka yote lilikuwa likilala bure! Nilimwambia choroko itamrudishia rutuba, akanijibu rutuba haiingii mfukoni. Tumefika mahali nimpe debe moja la choroko baada ya mavuno. Kama ni haki au si haki, wewe utaniambia.

Lakini kuhusu rutuba sikumdanganya. Mwaka jana nyuma ya nyumba niling'oa kunde moja iliyokuwa imeanza maua, nikaikung'uta udongo taratibu. Mizizini vinundu vimejaa, vidogo kama punje za mtama. Nikapasua kimoja kwa ukucha: ndani chekundu, kimeloa. Wekundu huo ndio alama kwamba vijidudu vimo kazini vinavuta naitrojeni kutoka hewani. Kikiwa cheupe au kijani ndani hakifanyi kitu. Kunde na choroko hazichagui sana vijidudu, vya udongo wetu zinavikubali, tofauti na soya. Ila ukitaka shamba lifaidi using'oe mashina. Sehemu kubwa ya ile naitrojeni inaondoka na punje. Ukibeba na mizizi na majani, umemwachia nini mpunga wa mwakani? Naona watu wanang'oa, wanapeleka uani kupiga fimbo, halafu wanasema kunde hazina faida kwa udongo. Mimi nitachuma maganda tu.

Na kuchuma ndiko kazi ilipo. Choroko haiivi pamoja, leo ganda hili jeusi, lile bado kijani. Itabidi kurudi mara kadhaa, tena alfajiri na umande, maana jua likipanda maganda yanapasuka na kumwaga. Salma ameshaanza kuumwa kichwa mapema.

Soko? Sitaki ndoto kubwa. Nakumbuka mwaka 2017 India ilipowekea mipaka mbaazi na choroko za kuingia kwao, watu waliolima kwa ajili ya meli walibaki na magunia. Za kwangu ni za Magomeni na mjini hapa, kwa mama lishe, na nyingine za nazi kwa ajili yetu. Zikizidi nitaziweka kwenye mifuko ile ya tabaka tatu inayobana hewa, kwa sababu fukusi wa kunde hawangoji ghala, wanaanza kutaga shambani kwenye ganda.

Hapo nimesahau: wadudu. Vidukari kwenye kunde changa nawafahamu, hao nitapambana nao. Wanaotoboa ua na ganda la choroko ndio wananitia hofu, na hao wa Ilonga lazima watakuwa wamehangaika nao miaka mingi. Waulize.

Waulize pia mbegu ni ya mwaka gani. Na Nuru na Imara, ipi inavumilia mfinyanzi mzito zaidi? Wanaifunga kwenye mifuko ya kilo ngapi, nisije nikaambiwa kilo tano haziuzwi? Hapo Kilosa kuna mtu anayepanda nyuma ya mpunga, na ng'ombe wao wanawafanyaje? Wewe lile bonde la shemeji mnaliachaje wakati huu, au nalo linalala? Na simu yako ina nini, imeibiwa au mmegombana na mtandao? Utakuja Maulidi au ndiyo ile ahadi ya kila mwaka?

Mama Tatu anarudi arusi ikiisha tu. Mfuko wa mbegu mpakatishe mwenyewe kwenye basi, usiingie buti na samaki wa watu.

Nisalimie wote. Mama anakusalimu, anauliza kanga yake.

Ni mimi shoga yako,
Mama Salma