Risala ya kikundi cha washairi wa Mji wa Kale, Mombasa, kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kiswahili Duniani

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, wazee wetu wa mtaa, walimu mliotuletea wanafunzi, wazazi, washairi wenzetu, mabibi na mabwana, assalamu alaikum na hamjambo nyote. Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa, kamati na wanachama wote wanakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua leo tarehe 7 Julai umeitwa kwingi, kwa kuwa tangu UNESCO ilipoitenga siku hii kwa ajili ya Kiswahili mwaka 2021 kila mtaa una hafla yake. Kutuchagua sisi ni heshima kubwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi, Mheshimiwa, tunao ugonjwa, na tutautaja bila kuuficha.

Historia yetu tutaipitia kwa haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mwenyekiti wetu, wakati huo kijana wa barazani Kibokoni, alifungua ukurasa wake mwenyewe wa mashairi kwenye intaneti. Blogu zilikuwa bado jambo geni. Huduma ya Blogger ilikuwa imeanza Marekani mwaka 1999 tu, na wengi wetu hapa tulidhani kuandika mtandaoni ni kazi ya magazeti na makampuni. Yeye alitunga usiku kwa kalamu, asubuhi akaenda saiba, duka la kulipia intaneti, akachapa huku jicho moja liko kwenye saa maana alilipishwa kwa dakika. Waya wa intaneti wa TEAMS, upitao chini ya bahari, ulikuwa haujatua hapa Mombasa, ulitua mwaka 2009. Kabla yake intaneti ilitujia kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua, na stima ikipotea kabla hujahifadhi kazi, shairi limekwenda.

Wasiowahi kuchapa shairi enzi hizo hawaijui tabu yake. Tarbia ina mishororo minne katika kila ubeti, na mshororo una mizani, yaani silabi, 16: nane za ukwapi, kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili. Ukiliweka mtandaoni kama ulivyoliandika daftarini, nafasi uliyoiacha baina ya ukwapi na utao ilimezwa, na mishororo yote minne ikaungana ikawa aya moja, kama barua ya kuomba kazi. Ikambidi Mwenyekiti ajifunze alama za HTML, zinazoiambia kompyuta jinsi ya kupanga maandishi, akate kila mshororo kwa mkono wake, ubeti baada ya ubeti, na dakika zinahesabiwa. Kijana aliyefanya hivyo kwa pesa za mfukoni mwake, bila mtu kumtuma, alikuwa anaitumikia lugha hii, na tunaomba apigiwe makofi.

Wasomaji wakaanza kumjibu kwa vina vilevile. Kujibizana si jambo jipya kwetu: katika karne ya 19 Muyaka bin Haji wa hapa Mvita na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi mpaka leo tunayasoma. Baadhi ya waliomjibu Mwenyekiti wakafungua kurasa zao, wengine wakaja barazani kumtafuta, na kikundi hiki kikazaliwa.

Mafanikio ni mengi, Mheshimiwa. Mashairi yetu yamevuka bahari. Yamesomwa Oman, Ujerumani na Tanzania, na mwalimu wa chuo cha ng'ambo alituandikia kuomba ruhusa ya kufundishia shairi la mmoja wetu. Wanafunzi tuliowanoa wamepanda jukwaa la Tamasha la Muziki la shule na kughani bila kusoma karatasi, nawe leo umewasikia kwa masikio yako. Tumefundisha arudhi, kanuni za utunzi wa mashairi, bure kila likizo, kwa chaki tuliyonunua wenyewe. Tunasema bila woga kwamba mwanafunzi wa mtaa huu anayejua tofauti ya kina cha kati na kina cha mwisho, ameijua kwetu.

Sasa, Mheshimiwa, tuje kwenye jambo lililotufanya tukualike.

Kampuni ya ng'ambo iliyotupa nafasi ya bure kwenye intaneti ilifunga huduma hiyo. Ilani ilitumwa kwa baruapepe ya zamani ambayo Mwenyekiti alikuwa hawezi tena kuifungua. Siku alipokwenda saiba kutia shairi jipya, ukurasa haukuwapo. Kurasa za wenzake nazo zikafuata, moja baada ya nyingine. Mashairi ya miaka yakaondoka, pamoja na majibizano yote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo hayakuwa na nakala, kwa sababu yalitungwa palepale kwenye kibodi. Machache tuliyapata baadaye kwenye hazina ya Internet Archive, shirika la San Francisco ambalo tangu 1996 hunakili kurasa za intaneti na kuziweka. Tuliyapata vipande vipande, mengine ubeti wa kwanza na wa mwisho tu.

Tunaomba uone ajabu yake. Mashairi ya Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, yaliokolewa miongo kadhaa baadaye na Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa hapa hapa Mombasa, aliyeyakusanya kutoka kwa wazee waliokuwa wakiyakumbuka na kushirikiana na mmishonari William Taylor. Miswada hiyo leo iko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Diwani yake ilipochapishwa, mwaka 1940, ilichapishwa Johannesburg. Kwa hiyo Muyaka tunamfuata London, na sisi wenyewe, tulio hai na tumekaa mbele yako, tunajifuata San Francisco. Tunawashukuru waliotuhifadhia huko. Lakini mji uliotunga hauna hata chumba kimoja cha kuweka ulichokitunga.

Kilichosalia kimo ndani ya lile sanduku la bati unaloliona kando ya meza yako. Kwa kawaida hukaa chini ya ngazi nyumbani kwa Mweka Hazina, na mkewe ametuvumilia vya kutosha. Tumelileta leo ili usije ukadhani tunatia chumvi. Tunakuomba kabla hujaondoka ulifungue mwenyewe. Utakuta madaftari ya wanachama, wengine wao wametangulia mbele za haki, Mungu awarehemu. Masika yaliyopita maji yaliingia. Daftari la juu kabisa ni la marehemu mzee wetu aliyekuwa akitunga kwa kalamu ya wino wa chupa. Kurasa zake zimegandana, na ukizibandua, ukwapi unabaki upande mmoja na utao unatoka na karatasi ya pili. Mwandishi wa kalamu ya biki amenusurika. Karatasi zilizochapwa saiba kwa printa za wino zimetota, herufi zimesambaa, na kwa nyingine tunalitambua shairi kwa umbo la beti tu.

Chini ya madaftari mna disketi, visahani vya zamani vya kuhifadhia kazi za kompyuta. Vijana hawa pengine hawajawahi kuziona. Kila moja ina uwezo wa megabaiti 1.44, leo picha moja ya simu huijaza, lakini shairi ni maneno matupu na disketi moja hubeba diwani nzima. Humo ndimo Mwenyekiti alimowekea nakala za mwanzo kabisa, baadhi yake yakiwa mashairi yaliyopotea mtandaoni. Disketi huhifadhi kwa sumaku, na unyevu wa pwani huotesha ukungu juu ya kisahani chake cha ndani. Baadhi tayari zina madoa meupe. Kompyuta za siku hizi hazina mahali pa kuzitia. Kifaa cha kuzisoma kipo, huchomekwa kwa waya wa USB, na si ghali, lakini disketi yenye ukungu yataka mtu anayejua kuisafisha, vinginevyo utaiharibu hiyo na kifaa chako pia. Kila masika yanayopita yanatupunguzia mashairi ambayo hakuna awezaye kuyatunga tena.

Mheshimiwa, tunajua kwamba ahadi huzungumzwa kwa nia njema. Hatumlaumu mtu. Hata hivyo itakuwa si adabu kwako kukuficha yaliyotangulia. Mgeni wetu wa mwaka mmoja alisimama hapo uliposimama wewe akatangaza kompyuta na skana, kamera zikapiga picha, nasi tukashangilia mpaka koo zikakauka. Wanachama wakachanga, wakanunua meza, wakamleta fundi akavuta nyaya za stima na kuweka soketi. Meza zipo. Watu wa mtaa huziazima kwa harusi, na tunawapa, kwani kompyuta hazikuja. Mgeni mwingine aliahidi chumba katika jengo la umma. Tuliambiwa tuandike barua, tukaandika. Tukaambiwa afisa amehamishwa, tuandike upya kwa aliyemrithi, tukaandika upya. Faili la barua hizo, zenye mihuri ya kupokelewa, analo Katibu hapa. Wa tatu alitupa namba ya msaidizi wake, na msaidizi alikuwa mtu mwungwana sana kila alipopokea simu. Ahadi ni deni, Mheshimiwa, na haya madeni hukuyakopa wewe. Tunakuomba tu usituongezee jingine.

Kwa hiyo ombi letu ni moja, nalo ni chumba. Hatuombi jengo, hatuombi ukumbi wenye jina. Tunaomba chumba kimoja kikavu, orofani ikiwezekana, chenye mlango unaofungwa, stima na dirisha lisiloelekea mvua ya kusi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni pamoja na maktaba, kwa hiyo tunaamini ombi hili lina mlango wa kubishwa, nawe unaujua mlango huo kuliko sisi. Ndani ya chumba hicho tunahitaji skana ya kitanda, ya kulaza ukurasa juu ya kioo, iwezayo kupiga kurasa kwa angalau nukta 300 kwa inchi bila kuzikunja, kompyuta, kile kifaa cha kusomea disketi, diski za nje za kuhifadhia, na mashine ya kupunguza unyevu. Tunahitaji pia jina la tovuti na nafasi vilipiwe kwa miaka kadhaa mbele, si kwa kadi ya mwanachama mmoja ambaye akiumwa sote tunatoweka. Kila shairi tutaliweka nakala tatu: moja chumbani, moja mtandaoni, moja nje ya kisiwa, ili maji yakiingia tena yasikute kila kitu mahali pamoja.

Kazi tutaifanya wenyewe. Vijana wetu wanajua kuchapa, na wazee waliobaki wanaweza kukaa nao na kuwasomea maneno ya Kimvita ambayo hayamo katika kamusi wanazotumia shuleni. Wazee hao hawatungoji, na hili ndilo linalotunyima usingizi zaidi ya hata disketi. Mistari iliyofutika daftarini kuna mtu mmoja au wawili wanaoikumbuka kwa kichwa. Wakiondoka, hapatakuwa na Mwalimu Sikujua wa pili wa kuwauliza.

Huenda mtu akasema hayo ni makaratasi. Abdilatif Abdalla wa mji huu alipofungwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, alitunga mashairi kwenye karatasi za chooni, na mashairi hayo yalipochapwa yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Karatasi zile zilifika kwa mchapishaji kwa kuwa kulikuwa na watu waliozitunza.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, bei za vifaa zimeambatishwa, kutoka maduka mawili tofauti ili ulinganishe. Orodha ya majengo ya umma yenye vyumba vilivyofungwa, tulivyoviona kwa macho yetu hapa kisiwani, imeambatishwa pia. Kabla hujatoa hotuba yako tunaomba jambo dogo: ukikubali, tutajie tarehe na jina la ofisa tutakayemfuata, na umruhusu Katibu aviandike mbele ya hadhira hii. Ukiona haiwezekani, tuambie leo, nasi tutashukuru vilevile na tutaanza harambee kesho asubuhi, kwa sababu masika mengine hayatupi nafasi ya kungoja.

Tunakutakia afya njema, wewe na familia yako. Naomba sasa kukukabidhi nakala ya risala hii pamoja na ufunguo wa sanduku.

Imesomwa na Katibu kwa niaba ya kamati na wanachama.